Mawe ya Isimila na Fuvu la Kalenga

Msafiri atokaye Iringa kwenda Mbeya hupita karibu na korongo la Isimila, lililo umbali wa kilometa 20 hivi kutoka mjini, asijue kwamba amepita penye karakana ya watu wa kale. Kwa juu hapana kitu cha kumvuta mtu: nchi kavu, majani, na miti michache. Lakini akishuka korongoni ataona nguzo za mchanga ulioshikamana zimesimama kama minara, nyingine zikipita kimo cha nyumba. Hakuna fundi aliyezijenga. Maji ya mvua yamechimba yaliyo laini na kuacha yaliyo magumu, basi.

Hapo zamani palikuwa na ziwa dogo lisilo na kina kirefu. Vijito vilileta mchanga na udongo, tabaka juu ya tabaka, hata ziwa likajaa. Kando ya maji hayo walikaa watu waliochonga mawe, wakayaacha palepale walipoyatumia. Baada ya muda mrefu mno maji ya mvua yakaikata nchi ile kama mtu akatavyo mkate, na sasa twaweza kuyasoma matabaka yake kwa macho, la chini likiwa la kale kuliko la juu.

Katika mwaka 1951 msafiri mmoja aliyekuwa akienda Johannesburg aliokota humo mawe yaliyochongwa, na katika miaka ya 1957 na 1958 wataalamu, Clark Howell akiwa mkuu wao, walichimba kwa uangalifu. Walikuta mashoka ya mawe yasiyo na mpini, yamechongwa pande zote mbili, mengine makubwa hata mtu hujiuliza yalishikwaje. Walikuta pia mifupa ya kiboko wa namna isiyokuwako tena duniani, ambaye macho yake yalitokeza juu kupita ya kiboko tumjuaye. Umri utajwao sana ni miaka 260,000 hivi, nao ulipatikana kwa kuipima mifupa. Wako wazee wetu wanaotishwa na hesabu kubwa namna hii, wakidhani yaipunguza imani. Mimi naona yampa mtu sababu ya kunyamaza kidogo tu mbele ya kazi ya Muumba.

Safari moja mwanafunzi wangu aliniuliza, ameshika shoka moja mkononi: “Mwalimu, nikilichukua hili kutapungua nini, na mawe yenyewe ni mengi hivi?” Swali lake ni la haki, wala halijibiwi kwa kusema tu kwamba sheria yakataza. Nilimwambia alirudishe mahali pake, na jibu atalipata mchana, huko Kalenga.

Kalenga palikuwa ngome ya Mtwa Mkwawa wa Wahehe. Katika mwezi wa Agosti 1891 watu wake waliwashinda Wajerumani huko Lugalo, na kamanda wao Zelewski akauawa. Katika mwaka 1894 Wajerumani waliipiga Kalenga kwa mizinga, wakaitwaa. Mkwawa aliendelea kupigana porini mpaka mwaka 1898, ndipo akajiua mwenyewe asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa, kikapelekwa Ujerumani. Jambo hili liliwachoma Wahehe hata likaandikwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, kwamba fuvu lirudishwe. Halikurudi upesi. Gavana Twining alipokwenda kulitafuta katika jumba la makumbusho la Bremen alikuta mafuvu mengi, wala hapakuwa na moja lililoandikwa jina la Mkwawa. Ilibidi mafuvu yapimwe na vipimo vilinganishwe na vya vichwa vya jamaa zake walio hai, kisha likachaguliwa moja. Likakabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, tarehe 19 Juni 1954, na hata leo limo Kalenga katika nyumba ya makumbusho. Na hata leo wako wanaouliza kama kweli ndilo lenyewe.

Tulipokuwa tumesimama mbele ya fuvu lile nilimwita yule kijana. Nikamwambia: huyu alikuwa mtawala aliyejulikana na maelfu, ameondolewa mahali pake miaka 56 tu bila maandishi ya kutosha, na watu wazima walilazimika kubahatisha kwa vipimo. Je, shoka lisilo na jina, likikaa mfukoni mwako mpaka Dodoma, nani atalijua lilitoka tabaka gani? Shoka litabaki shoka, lakini hataweza mtu kusema lililala pamoja na mifupa gani, wala chini ya mchanga upi. Hakujibu. Aliandika kitu katika daftari lake.

Tangu siku ile watoto hushuka korongoni na rula na kalamu ya risasi. Kila mmoja huchagua jiwe moja, hulichora bila kuliinua, hupima urefu wake, na huandika limo upande gani wa kijito. Kazi hii hukawia, na kiongozi wa mahali huchoka kungoja. Atakaye kwenda na aende wakati wa kiangazi, asubuhi, jua lingali upande mmoja na kuonyesha kila mkunjo wa nguzo. Masika kijito hujaa, nayo maji husukuma mawe yapendavyo, bila kuandika.