Pijo la Baba: Tuliuze au Tulifufue?

Ndugu msomaji, katika nyumba nyingi za mjini kuna kitu kimoja kikubwa ambacho hakuna anayethubutu kukigusa. Pengine ni cherehani ya bibi iliyokwama, pengine ni redio ya mbao isiyosema tena. Kwetu Igogo, hapa Mwanza, kitu hicho kilikuwa ni gari: Peugeot 504 la mwaka 1979, lile refu lenye safu tatu za viti, ambalo wazee wetu hawakujisumbua na namba zake bali waliliita Pijo, basi. Lilisimama chini ya mwembe tangu mwaka 2009 macho ya baba yalipokataa kazi ya usukani, na alipofariki mwaka 2021 kuku wa jirani walikwisha kulirithi kabla yetu.

Anayeifahamu Igogo anajua kwamba nafasi ya kuegesha hata baiskeli ni neema. Upande mmoja ni mlima wa mawe, na nyumba zimepachikwa juu ya mawe hayo. Upande wa pili ni barabara, reli, bandari ya Mwanza Kusini na ziwa. Katika mahali kama hapa, gari lenye urefu wa karibu mita 5 ambalo halitembei si gari tena, ni kiwanja. Hivyo, mapema mwaka 2024, Mama alituita tukae kikao.

Hoja ya Mama haikuwa ya dharau kwa marehemu. Alisema: "Wanangu, baba yenu hayumo ndani ya gari lile. Dada yenu anadaiwa ada ya chuo, na wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita hapa kila wiki na mizani yao. Lipimeni, liende."

Mdogo wangu wa kiume alisimama kabisa kumpinga. Yeye ni kijana wa kazi za umeme, na kwenye simu yake amejaza picha za magari ya Kimarekani ya miaka ya 1960, yale ambayo wenyewe huyaita magari ya misuli. Alitaka Pijo lifumuliwe, liwekwe injini kubwa ya kisasa, matairi mapana, na bomba la moshi la kuwaamsha watu hadi Mkuyuni.

Kwa faida ya msomaji asiyeyajua, magari hayo ya misuli yalianza kuvuma Marekani mwaka 1964 kwa gari liitwalo Pontiac GTO. Siri yake ilikuwa rahisi: chukua gari la ukubwa wa wastani, lipe injini ya silinda 8 iliyokusudiwa gari kubwa zaidi, uliuze kwa bei ambayo kijana ataimudu. Kufikia mwaka 1970 Chevrolet Chevelle ilikuwa inauzwa na injini ya lita 7.4. Kisha ikaja bima ghali, sheria za moshi, na mwaka 1973 bei ya mafuta ikapanda duniani kote, misuli ikanywea. Leo yaliyosalia yanafufuliwa kwa gharama kubwa, na jambo lililonivutia ni hili: wafufuaji wengi makini hawaanzi na injini. Mengi ya magari yale yalitoka kiwandani na breki za drami kwa magurudumu yote manne, breki ambazo zikipata moto hulegea. Kwa hiyo mafundi hubadili kwanza breki, shokomzoba na usukani, ndipo wazungumze habari ya nguvu.

Hata hapa kwetu misuli hiyo iliwahi kujaribiwa. Mwaka 1964 Wamarekani walileta katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki timu ya magari aina ya Mercury Comet yenye silinda 8. Mengi yao yaliishia njiani, na ushindi ukaenda kwa Ford Cortina, gari dogo tu. Peugeot 404, mtangulizi wa 504, ilishinda mashindano hayo mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo kuanzia 1966, na miwili kati ya hiyo dereva alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, pamoja na msaidizi wake Chris Rothwell. 504 yenyewe ikashinda mwaka 1975 na 1978. Nilimsomea mdogo wangu orodha hiyo. Akanijibu, "Kaka, hayo ni ya mashindano. Mimi nataka gari la mtaani." Nami nikamwambia kwamba mtaani tunaruhusiwa kilomita 50 kwa saa.

Hapana budi nimweleze msomaji baba alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa fundi wa chumba cha injini katika meli za ziwani, na Pijo alilinunua mkononi mwa mtu mwaka 1986. Siku za mapumziko alibebea abiria na vikapu vya dagaa. Wakati ule Pijo la safu tatu lilijengwa kwa watu saba, lakini barabarani lilibeba kumi na wawili, wengine wakipakatana, na hakuna aliyeshangaa. Baba naye alifanya hivyo. Ikafika tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba, iliyotengenezwa kwa abiria 430, ikapinduka ikikaribia Mwanza na kuua watu zaidi ya 800. Baba aliwafahamu mabaharia wake. Nilikuwa na umri wa miaka minane, nakumbuka tu kwamba kwa siku nyingi hakuzungumza mezani. Tangu siku ile, kabla ya kuwasha gari alizunguka dirishani akihesabu vichwa kwa kidole. Wa nane alishushwa, hata kama ni shemeji yake, na shemeji huyo alinuna hadi siku ya msiba.

Nilipendekeza kwamba kabla hatujauza wala hatujafufua, tumwite mtu anayejua atazame. Mafundi wa Pijo wamebaki wachache. Huyu wetu ni mzee wa gereji ya chini ya mti, aliyeanza kushika spana wakati mpaka wa Tanzania na Kenya umefungwa, kuanzia Februari 1977 hadi Novemba 1983. Spea nyingi za Pijo zilikuwa zikitoka Nairobi. Mpaka ulipofungwa, mafundi wa Mwanza walijifunza kuchonga, kulehemu na kufikiri. Ni enzi zile ambazo Jumapili, baada ya saa nane mchana, magari binafsi hayakuruhusiwa barabarani ili kuokoa mafuta. Mzee husema kwa utani kwamba Jumapili ndiyo ilikuwa siku yake ya kula.

"Shikamoo, mzee," mdogo wangu akamwamkia, kisha akamwonyesha simu. "Tunaweza kulifanya liwe kama hili?"

"Marahaba, mwanangu. Lete kwanza bisibisi."

Mzee hakufungua boneti. Alilala chali, akaanza kugongagonga sakafu ya gari na kingo za chini ya milango kwa ncha ya bisibisi. Palipo na chuma bisibisi ililia. Palipo na kutu ilizama. Hapa, ndugu msomaji, ndipo fedha za watu wengi hupotelea. Pijo halina fremu ya kujitegemea kama Land Rover. Bodi yake ndiyo mifupa yake. Sakafu ikioza, hakuna chuma kingine chini cha kulibeba. Mnyosha bodi asiye mwaminifu atajaza puti, apige rangi inayong'aa, nawe utapeleka familia yako barabarani ndani ya unga uliokauka. Ukitaka kununua gari la zamani, chukua sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa uipitishe kwenye bodi. Mahali inapokataa kushika, uliza maswali.

Kwetu kutu ilikuwa imekula sakafu ya nyuma, kwa sababu ya maji ya vikapu vya dagaa, na ukingo mmoja wa kushoto. Mzee alisema panatibika kwa kukata na kuchomelea bati jipya. Kisha akataja hesabu, na Mama akacheka kicheko kisicho na furaha.

Tukakubaliana hivi: ada ya dada italipwa kwanza, yote. Kitakachobaki katika mishahara yetu wawili kitaingia kwenye gari kidogo kidogo kwa miezi kumi na minane, na lisipotembea kufikia hapo, mizani ije. Mama alitia neno. "Miezi kumi na minane ya kufunga mikanda naikumbuka, tuliambiwa baada ya vita vya Kagera. Ilipokwisha, mikanda haikufunguliwa." Hakuna aliyemjibu.

Baada ya bodi zilifuata breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na baada ya miaka kumi na mitano chini ya mwembe mita mia chache kutoka ziwani, yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Pistoni za breki za mbele zilikuwa zimeganda. Mipira inayopeleka mafuta kwenye magurudumu ilionekana mizima kwa nje, lakini Mzee aliipasua kwa kisu akatuonyesha jinsi ilivyovimba ndani, kiasi kwamba breki ingeshika isiachie. Tulibadilisha yote, pamoja na pedi za diski za mbele na breki shuu za nyuma. Matairi nayo: ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka lilipotengenezwa. Muuzaji mmoja alitupatia matairi yenye kashata nzuri, yameandikwa 2411, maana yake wiki ya 24 ya mwaka 2011. Tulimshukuru tukaondoka.

Ugomvi wa injini ndio uliotutoa jasho. Mdogo wangu alikuwa amepata injini ya Toyota ya dizeli kwa bei ya kuridhisha, na kwa kweli Pijo nyingi za Afrika Mashariki zimeishi uzeeni kwa mioyo ya Toyota. Hoja yake ilikuwa nzito. "Meli ya Victoria, aliyoifanyia kazi baba mwenyewe, ilianza safari mwaka 1961. Imekarabatiwa, imewekwa injini mpya, mwaka 2020 ikarudi majini. Nani amesema si Victoria tena?"

Mama alinitazama. Nami nikamtazama Mzee.

"Kweli," Mzee alisema. "Lakini wale walikaa na michoro wakapiga hesabu ya uzito na ya mizani ya meli. Wewe michoro yako iko wapi?" Akamweleza kwamba shafti ya Pijo imefichwa ndani ya bomba la chuma lililoungana na giaboksi hadi difu, ukiingiza giaboksi ya Toyota, bomba hilo halina pa kushika, itabidi ukate na kubuni. Aidha, namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, na kuibadili kunahitaji kwenda Mamlaka ya Mapato. Kisha akaifungua ile injini ya zamani. Silinda zake si matundu yaliyochongwa ndani ya chuma. Ni slivu nne za kuchomoa, zinazozungukwa na maji. Zikilika, hupeleki injini kwenye mashine ya kuchonga. Unatoa slivu na pistoni zake, unapachika nyingine. Seti ilitoka Nairobi kwa basi, kupitia Sirari.

Sikufurahi kumwona mdogo wangu ameshindwa mbele ya watu, na nadhani Mzee aliligundua hilo, kwani alimkabidhi kazi ambayo hakuna mwingine angeiweza. Yeye ndiye aliyetoa platini na kuweka mfumo wa umeme wa kisasa wa kuwashia plagi, akabadili waya zote zilizotafunwa na panya, akaweka taa zinazoona mbali, na feni ya umeme inayojiwasha rejeta ikipata moto. Kichwa cha injini hii ni cha aluminiamu, na joto likizidi hupinda. Mikanda ya usalama saba ilikuwa shauri lake pia. Viti vya nyuma havikuwa nayo tangu kiwandani, hivyo mchomeleaji alitia vipande vya bati nene sakafuni ili bolti zipate pa kuuma.

Gari lilitembea Agosti 2025, mwezi wa kumi na tisa. Mama alijifanya hakuhesabu. Rangi bado ni ile ya zamani, yenye mabaka, maana fedha zilikwisha. Jirani mmoja aliuliza kama tumeshaanza kulitengeneza.

Mwezi uliofuata tuliamua kwenda Sengerema kumwona bibi, kupitia daraja jipya la Kigongo na Busisi, la kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025 mahali ambapo baba alizoea kusubiri kivuko kwa saa nyingi. Asubuhi tulikuta shangazi amekuja na mjukuu wake, bila taarifa. Viti vikajaa, watu wakabanana, mtu akasema mtoto atapakatwa. Mama alishuka kiti cha mbele, akazunguka upande wa dirisha, akaanza kuhesabu kwa kidole. Tulikuwa wanane.

Mdogo wangu alifungua mkanda wake mwenyewe, akatoka. Alitukuta Sengerema saa sita mchana. Alikuja kwa basi.