Hiki ni Kisa cha Nini?

Mwanafunzi anayesema "nitatafiti Gatumba" bado hajachagua kisa. Ametaja mahali tu. Gatumba iko magharibi mwa Bujumbura, karibu na mpaka wa Kongo, jirani na mto Rusizi na Ziwa Tanganyika. Tarehe 13 Agosti 2004 zaidi ya wakimbizi 150, wengi wao Banyamulenge kutoka Kongo, waliuawa kambini hapo. Mwaka 2020 Rusizi ulifurika, na baadaye ziwa nalo likapanda na kuingia majumbani. Mtafiti wa mauaji na mtafiti wa mafuriko hukanyaga udongo uleule, lakini visa vyao ni viwili.

Mwaka 1992 Charles Ragin na Howard Becker walihariri kitabu kizima juu ya swali la kisa ni nini. Mimi nimechukua kwao swali moja: hiki ni kisa cha nini? Utafiti wangu unahusu jinsi watu wanavyoamua kuondoka au kubaki maji yanapoingia.

Kambi ya waliohamishwa ingekuwa rahisi: ina mipaka na orodha ya majina. Lakini kambini nitawakuta walioondoka tu. Waliohifadhiwa na ndugu jijini, waliovuka kwenda Uvira na waliobaki majini hawatasikika. Mama mmoja muuza ndagala, ambaye kitanda chake kimeinuliwa juu ya matofali, aliniambia: "Mwanangu, mimi sikuhama. Maji ndiyo yaliyohamia kwangu." Jina lake halimo katika orodha yoyote ya waathirika wa kuhama.

Kwa hiyo kisa changu ni kaya, na mpaka wake wa kwanza ni wakati: kaya zilizoishi katika mtaa mmoja kabla ya Aprili 2020, popote zilipo leo. Nitachagua kumi na mbili, zilizoondoka na zilizobaki, zenye nyumba na zilizopanga, kwa sababu mwenye nyumba ana cha kulinda ambacho mpangaji hana.

Mpaka huu una gharama. Waliohamia baadaye kwa kufuata kodi nafuu wanabaki nje, na nitaliandika hilo wazi katika sura ya mbinu. Wahadhiri watauliza kama kaya kumi na mbili zinawakilisha Burundi. Haziwakilishi. Zinaweza kutuonyesha uamuzi unavyofanyika ndani ya nyumba, jambo ambalo orodha ya kambi haiwezi kutuambia.