Mbofyo Uliopanda Juu

Daftari la madeni la mama, pale gengeni kwake Mlandege, Iringa, nililihamishia kwenye jedwali la HTML. Nikaiagiza JavaScript: akibofya kisanduku cha malipo, kiasi kibadilike, akibofya mstari wa mteja, deni lote lifutwe. Ujanja wa kijinga! Mama akabofya aingize malipo ya 3,000, deni zima la 40,000 likayeyuka.

Kumbe mbofyo hauishii kisandukuni. Hupanda hadi kwenye mstari, hadi jedwalini. Usiku nikaweka msikilizaji mmoja tu kwenye jedwali, aulize kwanza event.target: kilichobofywa hasa ni kipi? Na mstari haufuti tena kitu.

Mama kakubali, ila daftari halitupi ng'o. Zile 37,000 zilizobaki? Alizikumbusha mteja mwenyewe.