Alifeli mtihani wa kampuni za mawakili London mara mbili, kumbe tatizo lilikuwa umbea

Kuna dada mmoja wa Kibongo anaishi London, jina kapuni. Kama wewe ni mtu wa Instagram, video zake lazima zilishakupitia. Staa kafuta picha za mume wake? Yeye anakwambia ndoa imekufa tangu mwezi uliopita. Msanii kaonekana hotelini? Yeye anakwambia alimfuata nani na nani alilipa bili. Watu walimpenda kwa sababu mara nyingi alipatia. Na akikosea hakuna aliyekumbuka, maana kesho yake ameshahamia stori nyingine.

Ambacho wafuasi wake wengi hawakukijua ni kwamba huyu dada ana digrii ya sheria. Mtoto wa Mbagala, mama yake anauza vitenge. Ada ya kusoma Uingereza haikutoka mbinguni, mama aliuza kiwanja chake cha Chanika. Kile ambacho alisema siku zote kwamba ndiyo atajenga akizeeka.

Sasa digrii ikaisha. Wakati huo mgeni akimaliza chuo kule aliweza kuomba viza ya kubaki miaka 2 atafute maisha. Miaka 2 inasikika mingi, lakini muulize aliyeanza kuihesabu. Njia aliyoitaka yeye ni ile ya kuingia kampuni kubwa ya mawakili kwa mkataba wa mafunzo wa miaka 2. Kampuni kubwa nyingi ukishapata mkataba wao zinakulipia hadi maandalizi ya SQE, ile mitihani ya kuwa wakili iliyoanza 2021. Na kwa mgeni, hizo kubwa ndizo zenye uwezo wa kukushughulikia viza. Kwa hiyo kwake haikuwa suala la kuvaa suti na kupiga picha mbele ya vioo. Ilikuwa ni kubaki au kurudi kwa mama mikono mitupu, kiwanja hakipo.

Akatuma maombi. CV safi, barua safi. Baada ya siku chache ikaja barua pepe: fanya mtihani wa kufikiri kwa makini, kiungo hiki hapa, unaufanyia nyumbani kwako. Mtihani unaitwa Watson Glaser. Jina limetoka kwa Wamarekani wawili, Goodwin Watson na Edward Glaser, na mizizi yake ni ya miaka ya 1920. Kampuni kubwa za sheria za London kama Clifford Chance zimewahi kuutumia kuchuja watu. Maswali 40, dakika 30. Piga hesabu, ni sekunde 45 kwa swali.

Dada akacheka. Mtihani wa kuchambua mambo? Si ndiyo kazi yake hiyo kila siku! Hakujiandaa hata kidogo. Akajifunika blanketi, chai pembeni, akafanya.

Akapigwa chini.

Akasema labda ni bahati mbaya. Akaomba kampuni nyingine, mtihani ule ule lakini maswali tofauti. Akapigwa chini tena. Na ujue kitu kimoja: kampuni nyingi kule ukifeli hawakuruhusu kujaribu tena hapo hapo, unasubiri msimu ujao wa maombi. Mwaka mzima huo. Yeye mwaka wa kuchezea hakuwa nao.

Hapo ndipo akamtafuta kaka mmoja wa Mombasa waliyekutana kwenye harusi ya Waswahili kule East London. Kaka huyo alikuwa tayari yumo ndani ya kampuni, yuko kwenye mafunzo. Akamwambia, "Dada yangu, fanya jaribio moja la mazoezi hapa mbele yangu, ila usinipe jibu tu. Niambie na kwa nini."

Wakakaa jikoni. Baada ya maswali kumi kaka akaweka kikombe chini. "Kingereza unakijua. Sheria unaijua. Shida yako unajibu mambo ambayo hayajaandikwa."

Dada akanuna. Lakini kaka akamwonyesha.

Mtihani una sehemu tano. Ya kwanza ni makisio. Unapewa habari fupi, halafu sentensi, na wewe unachagua: kweli, huenda ni kweli, taarifa hazitoshi, huenda si kweli, au si kweli. Chukulia habari inasema, "Msichana alionekana akishuka kwenye gari la mzee mmoja saa 4 usiku." Halafu sentensi inasema, "Msichana huyo ana uhusiano wa kimapenzi na mzee huyo." Dada mbio mbio, huenda ni kweli! Hapana. Taarifa hazitoshi. Inawezekana ni baba yake, inawezekana ni dereva wa teksi. Sehemu hii inakuruhusu kutumia yale ya kawaida ambayo kila mtu anayajua, lakini si yale uliyoambiwa saluni.

Ya pili ni kutambua dhana. Mama anasema, "Nitampeleka mwanangu shule ya Kingereza ili apate kazi nzuri." Je, amedhani kwamba shule ya Kingereza inaongeza nafasi ya kupata kazi nzuri? Ndiyo, bila hiyo maneno yake hayasimami. Je, amedhani kwamba waliosoma shule za serikali hawapati kazi? Hapana. Hilo umeliongeza wewe.

Ya tatu ni hitimisho la lazima. Wasanii wote wa lebo fulani wanavaa miwani myeusi. Juma anavaa miwani myeusi. Juma ni wa lebo hiyo? Haifuati. Hata kama mtaa mzima unamjua Juma kuwa ni wa hiyo lebo, kwenye karatasi haimo.

Ya nne ni tafsiri, inafanana na ya tatu ila hapa unajiuliza kama hitimisho linafuata bila mashaka ya maana kutoka kwenye habari uliyopewa. Ya tano ni kupima hoja. Swali: bodaboda zizuiwe kuingia katikati ya jiji? "Ndiyo, kwa sababu ajali zake zinaua na kujeruhi watu, na kuzizuia kutapunguza ajali hizo." Hoja ina nguvu, ni kitu kikubwa na kinagusa swali lenyewe. "Ndiyo, kwa sababu madereva wake hawavai vizuri." Dhaifu. Hapa ndipo wengi wanaliwa, kwa sababu wanaipa nguvu hoja wanayoipenda na ile inayowaudhi wanaiita dhaifu, wakati wameambiwa wazichukulie zote kuwa ni kweli.

Kaka akampa na utaratibu. Wiki ya kwanza asiguse saa kabisa, afanye sehemu moja moja mpaka aielewe. Kila sehemu asome maelekezo upya, kwa sababu sheria zake hazifanani. Kila alipokosa aandike kwenye daftari sababu ya kukosa, kwa maneno yake. Saa ije baadaye. Na asijaribu kukariri majibu, maana maswali yanatoka kwenye hazina kubwa na ya mwenzako si ya kwako.

Daftari likaanza kujaa, na likaanza kumuumbua. Ukurasa baada ya ukurasa sababu ni ile ile: "Nimeongeza." "Nimeongeza." "Haikuandikwa, nimeongeza."

Usiku mmoja, kama saa 7 hivi, akiwa kwenye makisio, akajikuta amesimama. Hakuwa anafikiria swali tena. Alikuwa anamfikiria shosti wake.

Iko hivi. Mwaka wake wa mwisho chuoni alikuwa anaishi na rafiki yake wa damu, binti wa Arusha. Kupika pamoja, kulia pamoja, kila kitu. Siku moja simu ya shosti ikiwa mezani, meseji ikaingia. Namba ya Tanzania, haina jina. Imeandikwa, "Asante sana dada, ila asijue."

Dada alikuwa na mpenzi Dar. Akaunganisha hapo hapo. Namba ya Bongo, asante, asijue, basi keshajua kila kitu. Hakuuliza. Akaingia kwenye ukurasa wake akaweka mafumbo, unajua yale mafumbo ambayo hayana jina lakini kila mtu anamjua mlengwa. Wafuasi wake wakafanya iliyobaki. Wakampata yule binti, wakamtukana yeye, wakamtukana na mama yake. Shosti hakujibu hata neno moja. Baada ya wiki mbili akahama nyumba. Dada akasema, unaona? Kanyamaza, amekubali kosa.

Sasa usiku ule akachukua daftari. Akaandika meseji ile kama habari ya mtihani. "Asante sana dada, ila asijue." Chini yake akaandika sentensi: "Aliyetuma ni mpenzi wangu." Akajipa machaguo matano. Akakaa nayo muda mrefu. Halafu akaandika: taarifa hazitoshi. Chini akaandika nyingine: "Amenyamaza kwa sababu ana hatia." Taarifa hazitoshi.

Dar ilikuwa inakaribia alfajiri. Akasubiri adhana ipite, akampigia mdogo wake wa kiume. Hakuzunguka. "Wewe uliwahi kumtumia meseji shosti wangu?"

Kimya. Halafu dogo akasema, "Dada, mama alinikataza kukwambia."

Mama alikuwa amelazwa. Wiki ile ile dada alikuwa kwenye mitihani ya mwisho. Hela ya hospitali ikapungua, mama akakataa katakata dada asumbuliwe, akisema mtoto ataacha mitihani apande ndege. Dogo akamtafuta shosti, namba yake alikuwa nayo kutoka kwenye simu ya mama. Shosti akatuma hela ya kazi yake ya usiku, ile ya kufanya usafi maofisini. Dogo akashukuru, akaomba dada asijue. Na shosti kweli hakusema. Alitukanwa mtandao mzima na siri ya watu akaitunza.

Dada alikaa sakafuni jikoni mpaka kukakucha.

Hapa ndipo mtu anategemea kusikia walikumbatiana wakalia. Haikuwa hivyo. Alituma ujumbe mrefu, ukasomwa, haukujibiwa. Akatafuta hela aliyotoa shosti, akairudisha yote. Akafuta yale mafumbo, halafu akaingia laivu, akasema mbele ya wafuasi wake kwamba alimsingizia mtu na kwamba hakuwa na ushahidi wowote. Hakusema habari za mama. Baadhi wakamsifu, baadhi wakamwambia anatafuta kiki. Siku ya tatu shosti akajibu maneno mawili: "Nipe muda."

Msimu wa maombi ukafunguliwa tena. Safari hii mtihani haukumkuta na blanketi. Alikaa mezani, simu chumba kingine, karatasi na kalamu pembeni. Anasema kilichomsaidia ni swali moja alilojiuliza kila mara: "Hili limeandikwa, au nimeliongeza?" Likimganda zaidi ya dakika anachagua lililo karibu, anasonga mbele, maana sekunde 45 hazimsubiri mtu. Alimaliza dakika mbili kabla.

Alipita. Akaitwa kwenye usaili, akapata nafasi ya mafunzo mafupi ya kiangazi, yale ya wiki chache ambayo kampuni huyatumia kuangalia nani apewe mkataba. Mkataba wenyewe bado hajapewa, viza inaendelea kuhesabika, na mama bado anauza vitenge Mbagala. Hayo ndiyo yanayojulikana hadi sasa.

Ukurasa wake upo, lakini umebadilika. Siku hizi staa akifuta picha za mume, wafuasi wanamjaza maswali, "Dada tupe ubuyu!" Yeye anajibu maneno mawili tu: taarifa hazitoshi. Amepoteza wafuasi wengi kwa jibu hilo. Wanasema amepoa.

Kama na wewe unajiandaa na mtihani huu, iwe London au popote wanapouleta, anza mapema, soma maelekezo ya kila sehemu, na weka daftari la makosa yako. Usishangae tu likikuonyesha makosa ambayo hayamo kwenye mtihani.

Haya mdau, sema ukweli hapo chini: kuna mtu uliyemkatia urafiki kwa meseji moja ambayo hukuuliza ilitoka kwa nani?