Mama Yetu na Dawa ya Kusahau

Mama yetu hapa Juba huswali Adhuhuri mara tatu, kisha huuliza kama imeshaadhiniwa. Mwanafunzi wa madrasa alituletea habari za lecanemab, dawa ya Alzheimer iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023. Tulifurahi, mpaka tulipoisoma vizuri. Ilijaribiwa miezi 18 kwa watu 1,795, wote ugonjwa ndio kwanza unawaanza, nusu wakipewa dawa bandia. Haiponyi, ilipunguza kasi ya kudhoofika kwa asilimia 27, na baadhi yao ubongo ulivimba au kuvuja damu. Mama ameshaipita hatua hiyo. Twajua kalamu imeinuliwa kwake, lakini akizuiwa kuswali hulia. Basi tunapeana zamu kumhesabia rakaa.