Jirani wa Mkondo wa Chini

Mji wetu wa Iringa uko juu ya kilima, na Mto Ruaha Mdogo unapita chini yake. Majitaka yanayofuata bomba huingia katika mabwawa. Katika mabwawa ya namna hii, la kwanza lina kina kirefu: tope hutuama na bakteria hulila. Linalofuata huota mwani, unaowapa bakteria wengine oksijeni. La mwisho lina kina kifupi, ili jua liue vijidudu. Kazi hiyo huchukua siku nyingi, kimya kimya. Ndipo maji huenda mtoni, kisha Ruaha Mkuu, hadi Mtera, kwa wavuvi tusiowajua.

Lakini mabwawa husafisha kile tu kinachoyafikia. Wengi wetu hatuna bomba, tuna shimo. Likijaa wakati wa mvua, kishawishi ni kulifungulia mvua ilibebe, maana gari la kunyonya linataka fedha. Wapendwa, hapo ndipo amri ya kumpenda jirani inapotupima. Jirani yetu yuko Mtera, anateka maji. Hatatujua, wala hatatushukuru, Mungu anatuona. Basi tuchangiane fedha ya gari, kama tunavyochangiana misiba.