Gati la Brighton katika Tundu la Sindano

Novemba 1984 gati la magharibi la Brighton, kusini mwa Uingereza, lilikuwa bado limesimama baharini. Ni kazi ya mhandisi Eugenius Birch, lililofunguliwa mwaka 1866. Tangu 1975 lilikuwa limefungwa kwa kuwa halikuwa salama tena. Nililiona likiwa na kumbi zake na mapaa yake, na nikalipiga picha kwa kamera isiyo na lenzi.

Tulikuwa wanafunzi wa upigaji picha. Kamera tulijitengenezea: sanduku la mbao lililopakwa rangi nyeusi ndani, na mbele yake kipande cha bati la kopo la soda, kimetobolewa kwa ncha ya sindano na kusuguliwa kwa msasa. Tundu lilikuwa na upana wa milimita 0.3, filamu ikakaa milimita 50 nyuma yake. Mwanga unaopenya hapo ni kiasi cha sehemu moja ya mia ya ule unaopita kwenye lenzi iliyobanwa hadi f/16. Mwalimu alitueleza habari za Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyechunguza jinsi jua lililopatwa linavyojichora kupitia tundu dogo. Mimi na mwenzangu wa Mombasa tulijaa fahari kulisikia jina hilo katika darasa la Kizungu.

Saa kumi jioni jua lilikuwa linazama. Ufuo wa Brighton ni mawe laini ya duara. Tukalizungushia sanduku mawe hayo lisitikiswe na upepo.

"Fungua, ndugu yangu. Mimi nahesabu."

Kipimo cha mwanga kilitaka sekunde 10. Tukahesabu zaidi ya maradufu, maana mwanga ukiwa hafifu filamu huwa nzito kupokea. Kwezi wakaja kundi kwa kundi, wakajipinda na kujikunjua juu ya gati kabla ya kutua kulala. Bibi mmoja akakatiza mbele yetu na mbwa wake. Tuliposafisha filamu usiku, bibi hayumo, mbwa hayumo, kwezi wamebaki kivuli kisichoshikika, na mawimbi yamekuwa ukungu mweupe. Nguzo za chuma zilisimama zote, wazi kabisa.

Wengi huipenda kamera hii kwa ulaini wa picha zake. Mimi naipenda kwa sababu inamtunza aliyetulia.

Desemba 2002 sehemu ya gati iliporomoka katika dhoruba. Mwaka uliofuata, Machi na tena Mei, moto ukateketeza kumbi, yakabaki mafupa ya chuma. Kwetu Unguja nako, Desemba 2020, sehemu ya jumba la kale la Beit al-Ajaib ilianguka na kuua watu.

Msomaji, kama mtaani kwako lipo jengo la kale ambalo watu wameanza kulikwepa, tafuta sanduku, bati, sindano na filamu. Ukalipige picha mwaka huu.